Gari Halitembei, Lakini Deni Linanifuata Hadi kwa Mchungaji

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Buffalo katika jimbo la New York, na ninafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Basi la mwisho hupita kabla ya saa yangu ya kuingia kazini, kwa hiyo gari kwangu si anasa.

Tarehe 3 Februari mwaka huu nilinunua gari lililotumika katika yadi moja ya hapa mjini kwa dola 11,400. Mita ilisoma maili 61,200. Nilitanguliza dola 2,000, na zilizobaki nikakopeshwa papo hapo yadini kwa mpango wa kulipa dola 318 kila mwezi. Wiki chache baadaye nilipata barua kwamba mkopo wangu umehamishiwa kampuni ya fedha ambayo sijawahi kuisikia. Kwa kuwa sina historia ndefu ya mikopo katika nchi hii, kaka yangu alitia saini kama mdhamini.

Hata wiki mbili hazikutimia, giaboksi ikaanza kugonga na kuchelewa kuingiza gia, na siku moja gari liligoma kabisa katikati ya barabara kuu. Nililirudisha yadini tarehe 17 Februari likakaa siku 6, tarehe 4 Machi likakaa siku 5, na tarehe 21 Machi likakaa siku 7. Kila mara niliambiwa limepona, na kila mara ugonjwa ulirudi kabla ya juma kuisha. Nilipokwenda mara ya nne, tarehe 2 Aprili, meneja alinionyesha karatasi niliyotia saini inayosema kwamba gari limeuzwa “kama lilivyo”, akaniambia hatuna tena la kuzungumza. Gari lilikuwa limetembea maili 1,900 tu tangu nilinunue.

Kwa hasira niliacha kulipa. Sikulipa Aprili wala Mei. Sasa kampuni ya kukusanya madeni imeniandama. Wananipigia saa kumi na mbili asubuhi ninapotoka zamu, wananipigia kazini mbele ya msimamizi wangu, na wiki iliyopita nilihesabu simu kumi na moja. Wanampigia kaka yangu. Mbaya zaidi, walimpigia mchungaji wetu, ambaye jina lake nililiandika kwenye fomu ya mkopo kama mtu anayenifahamu, wakamwambia kwamba mimi ni mdaiwa sugu. Mmoja wao alisema nisipolipa ndani ya siku mbili atanitumia polisi na watu wa uhamiaji. Siku tisa zilizopita walinitumia pia barua yenye kiasi wanachodai; bado iko mezani, sijaijibu.

Rafiki yangu anasema nilikuwa na siku tatu za kurudisha gari na nimezipoteza mwenyewe. Je, ni kweli? Na je, wanaweza kunifunga?

Mama wa Zamu ya Usiku

———

Dada yangu,

Pole kwa gari, na pole zaidi kwa simu zinazokunyima usingizi. Umeniandikia kana kwamba una tatizo moja. Unayo mawili, na kila moja lina sheria yake. Ukimweleza mkusanya madeni habari za giaboksi kwenye simu hatakusikia, na ukimlalamikia mwenye yadi kuhusu simu za alfajiri hatajali, kwa sababu si yeye anayepiga. Hata hivyo, ndani ya mkataba wako wa mkopo huenda kuna kifungu kimoja kinachoyaunganisha matatizo haya mawili, nami nitakifikia baada ya kushughulikia jambo lenye haraka kuliko yote, yaani ile barua iliyo mezani.

Usiiache hapo. Sheria ya serikali kuu ya Marekani ya mwaka 1977 inayosimamia mwenendo wa wakusanya madeni inakupa siku 30 tangu ulipopata taarifa yao kulipinga deni kwa maandishi. Siku tisa zimekwisha kwenda. Ukipinga kwa maandishi ndani ya muda huo, kampuni hiyo inalazimika kusimamisha ukusanyaji hadi ikutumie uthibitisho wa deni. Ukipinga kwa mdomo, hata kama umezungumza nao saa nzima, hupati kinga hiyo. Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu ninajua tulivyolelewa: mtu akikukosea unakaa naye, mnazungumza, mnaelewana, na kuandikiana barua kunaonekana kama kutangaza uadui. Katika mambo ya mikopo ya nchi hii, lisiloandikwa ni vigumu sana kulithibitisha.

Barua yako isiwe ndefu wala isieleze maisha yako. Iandike kwa Kiingereza, hata kama ni cha kuungaunga, na maana yake iwe hivi: “Ninalipinga deni hili. Naomba uthibitisho wake pamoja na jina na anwani ya mkopeshaji wa awali. Msinipigie kazini, kwa kuwa mwajiri wangu haruhusu. Msinipigie kabla ya saa kumi alasiri, kwa kuwa ninafanya kazi usiku na huo ndio wakati wangu wa kulala.” Bakiza nakala, ipeleke posta kwa rejista yenye risiti ya kupokelewa, na usiandike humo namba ya akaunti yako ya benki. Vilevile usikiri kwenye simu kwamba utalipa kiasi fulani siku fulani ili tu wakuache upumzike.

Utaona kwamba sikukushauri uwaambie wasiwasiliane nawe kabisa. Haki hiyo unayo, na wakishapokea barua ya namna hiyo hawaruhusiwi kukutafuta tena isipokuwa kukujulisha kwamba wameacha au kwamba kuna hatua mahususi itakayochukuliwa. Lakini kuwanyamazisha hakufuti deni, na mkopeshaji ambaye hana tena njia ya kuzungumza nawe anaweza kuona mahakama ndiyo njia fupi. Kwa sasa inatosha kuwafungia milango inayokuumiza na kuacha mmoja wazi, ule wa barua.

Nije kwenye vitisho. Hakuna mtu anayefungwa Marekani kwa kushindwa kulipa mkopo wa gari. Mkusanya madeni hana polisi, hana hakimu, na hana mamlaka yoyote juu ya uhamiaji wako. Kutishia kukukamata, au kutishia hatua ambayo kisheria hawezi kuichukua, ni kosa lililotajwa waziwazi katika sheria hiyo ya 1977. Kuna tahadhari moja tu, nayo ni ya kweli: mahakama yenyewe ikikuamuru ufike na ukapuuza, hapo unaweza kuingia matatani kwa kukaidi amri ya hakimu. Kwa hiyo vitisho vya simu usiviogope, lakini hati ya mahakama usiipuuze hata siku moja. Katika jimbo la New York una siku 20 za kujibu ukiwa umekabidhiwa hati hiyo mkononi, na siku 30 kwa njia nyingine nyingi za kuifikisha. Usipojibu, mdai anaweza kupata hukumu bila wewe kusikilizwa, na mshahara wako ukaanza kukatwa. Mahakama za jimbo lenu hutoa wakalimani bila malipo. Omba wa Kiswahili mapema.

Saa za kupiga simu nazo zina mipaka. Kwa kawaida hawaruhusiwi kupiga kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa tatu usiku kwa saa za mahali unapoishi, na wakishajua kwamba wakati fulani unakutaabisha, hata uwe mchana kweupe, wanapaswa kuuepuka. Ndiyo maana nimekuandikia ile sentensi ya usingizi. Kanuni zilizoanza kutumika tarehe 30 Novemba 2021 zinasema kwamba mkusanya madeni akipiga zaidi ya mara saba ndani ya siku saba kuhusu deni moja, anachukuliwa kuwa amevunja sheria, na akishazungumza nawe anatakiwa kungoja siku saba kabla ya kupiga tena. Wewe umehesabu kumi na moja. Nenda kwenye orodha ya simu zilizoingia, ipige picha yote, na usifute ujumbe wowote wa sauti.

Kwa upande wa kaka yako, sitakupa jibu unalolitarajia. Mdhamini aliyetia saini si mtu wa pembeni. Mbele ya mkopeshaji yeye ni mdaiwa kama wewe, na kumpigia si kosa maadamu wanafuata mipaka ileile. Pamoja na mkataba, alipaswa kupewa ilani inayomweleza kwamba anaweza kudaiwa kiasi chote, na huenda aliipata akatia saini bila kuisoma, kama wengi wanavyofanya kwa kumwonea ndugu yao huruma. Mchungaji ni habari nyingine. Mtu wa nje wanaweza kumpigia kwa lengo moja tu, kuuliza unapoishi, namba yako ya simu au mahali unapofanya kazi. Hawaruhusiwi kumwambia kwamba unadaiwa, na kwa kawaida hawaruhusiwi kumrudia mara ya pili. Walichomwambia mchungaji wako ni kosa la wazi, na pengine ndilo lililo rahisi kuthibitishwa kuliko yote, kwa kuwa lina shahidi mwenye kuaminika.

Makosa hayo yana bei. Unaweza kuishtaki kampuni hiyo ndani ya mwaka mmoja tangu kosa lilipotendeka, ukalipwa hasara uliyopata, ukaongezewa hadi dola 1,000, na ukishinda, wao ndio watakaolipa gharama za wakili wako. Kwa sababu hiyo wapo mawakili wanaochukua kesi hizi bila kukudai fedha mwanzoni. Ukiambiwa ulipe kwanza maelfu ya dola, tafuta mwingine, au anza na ofisi ya msaada wa kisheria ya eneo lako.

Sasa gari lenyewe. Rafiki yako amekosea, naye hayuko peke yake, maana uvumi huu wa siku tatu umeenea kila kona. Kanuni ya serikali kuu inayompa mnunuzi siku tatu za kughairi inahusu zaidi mauzo yanayofanyika nyumbani kwa mteja au mahali pa muda. Gari ulilolifuata yadini haliingii humo. Hukupoteza kitu ambacho hukuwa nacho.

Ulichonacho ni kikubwa zaidi, nacho kinatokana na jimbo lako. Wamarekani huliita gari la ugonjwa usiopona “limau”, na tangu Connecticut ilipotunga sheria ya kwanza mwaka 1982, majimbo yote 50 yamepata sheria za magari mabovu. Nyingi kati ya hizo huwalinda hasa wanunuzi wa magari mapya. New York ni miongoni mwa machache yanayomlinda pia mnunuzi wa gari lililotumika, ikiwa amelinunua kwa mfanyabiashara kwa bei isiyopungua dola 1,500, kwa matumizi yake binafsi, na likiwa halijafikisha zaidi ya maili 100,000. Gari lililouzwa likiwa na maili kati ya 36,001 na 79,999 lazima liwe na waranti ya maandishi ya siku 60 au maili 3,000, lolote litakalotangulia. Giaboksi imo katika orodha ya sehemu zinazolindwa, pamoja na injini, breki, usukani na nyinginezo. Mfanyabiashara asipokupa waranti hiyo, sheria inamchukulia kana kwamba ameitoa, na huwezi kuiachilia haki hiyo hata kwa kutia saini yako.

Kwa hiyo karatasi ile ya “kama lilivyo” ambayo meneja aliipeperusha mbele yako, kwa gari la maili 61,200 katika jimbo la New York, haikuondolei waranti ya kisheria. Ninakuomba utafute pia karatasi nyingine, ile iliyobandikwa dirishani gari likiwa bado yadini. Kanuni ya serikali kuu inayotumika tangu 1985 inawataka wauzaji wa magari yaliyotumika wabandike mwongozo wa mnunuzi unaosema kama gari lina waranti au halina, na maelezo yake huwa sehemu ya mkataba na kuyashinda maneno ya mkataba yanayopingana nayo. Biashara ikifanyika kwa Kihispania, mwongozo lazima uwe wa Kihispania. Kiswahili bado hakijafika huko.

Tuhesabu siku zako. Matengenezo yote matatu yalifanyika ndani ya siku 60, na hata tarehe 2 Aprili ulikuwa bado ndani; tena siku gari likiwa mikononi mwa muuzaji kwa matengenezo huongezwa kwenye waranti. Sheria inampa mfanyabiashara nafasi ya kutengeneza. Lakini akijaribu mara tatu kasoro ileile bila kufaulu, au gari likikosekana mikononi mwako kwa jumla ya siku 15 kwa ajili ya matengenezo, hukumu inaelekea kwako. Wewe una mara tatu na una siku 18. Anapaswa kulichukua gari na kurudisha bei pamoja na kodi na ada, akipunguza tu uharibifu usiotokana na matumizi ya kawaida. Utetezi wake utakuwa kwamba kasoro haipunguzi thamani ya gari kwa kiasi kikubwa, au kwamba wewe mwenyewe umeliharibu kwa uzembe. Karatasi za kila ulipolirudisha ndizo zitakazomjibu. Kama mara moja hukupewa karatasi, tafuta ujumbe wa simu, picha ya gari likivutwa, au mtu aliyekurudisha nyumbani siku hiyo, na umpate fundi asiye na uhusiano na yadi aandike alichokiona kwenye giaboksi. Njia rahisi kuliko mahakama ni usuluhishi unaosimamiwa kupitia ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, ambako unajaza fomu, unasikilizwa, na uamuzi unawafunga wote wawili.

(Msomaji aliye katika jimbo jingine asizichukue tarakimu hizi kama zake. Afungue kwanza sheria ya jimbo lake, na asipokuta humo ulinzi wa gari lililotumika, aitazame sheria ya serikali kuu ya waranti ya mwaka 1975, ambayo humsaidia yeyote aliyepewa waranti ya maandishi isiyotekelezwa.)

Hapa ndipo ninapokuja kwenye kile kifungu. Chukua mkataba wako wa mkopo utafute maneno yaliyochapishwa kwa herufi kubwa nzito, ambayo watu huyaruka wakidhani ni mapambo. Yanasema kwamba yeyote atakayeushika mkataba huo atakabiliwa na madai na utetezi wote ambao mdaiwa angeweza kuutoa dhidi ya muuzaji. Kanuni iliyotungwa mwaka 1975 inalazimisha maneno hayo yawemo pale muuzaji mwenyewe anapokukopesha au kukupangia mkopo, kama ulivyofanyiwa. Kabla yake, muuzaji aliuza kitu kibovu, akaukabidhi mkataba kwa kampuni ya fedha, na kampuni ikasema, “Sisi hatukuuza gari, sisi tunadai fedha tu.” Leo kampuni ile usiyoifahamu haiwezi kujificha hivyo. Ukidaiwa, una haki ya kujibu kwamba gari ni bovu kisheria na kwa hiyo salio halidaiwi, na unaweza kudai urudishiwe ulichokwisha kulipa, ingawa kwa kifungu hicho huwezi kudai kutoka kwa kampuni hiyo zaidi ya kiasi ulicholipa. Iandikie barua ukiambatisha nakala za karatasi za matengenezo.

Lakini utetezi huo ni wa kutumia mbele ya msuluhishi au hakimu. Hauwezi kulizuia lori la kuvuta magari usiku. Kuacha kulipa kimyakimya lilikuwa kosa, ninakuambia kama ndugu, kwa sababu mdaiwa akishakiuka mkataba mkopeshaji anaweza kulichukua gari bila kwenda mahakamani, mradi asivunje amani: asivunje kufuli la gereji yako, asikutishe, wala asitumie nguvu. Wakija, waambie wazi kwamba unapinga, ila usishindane nao kwa mikono. Toa leo vitu vyako vyote ndani ya gari, hasa nyaraka na kiti cha mtoto. Gari likipigwa mnada kwa bei ya kutupa, salio litakufuata wewe na kaka yako, na huwezi kumrudishia muuzaji gari ambalo limekwisha kuuzwa.

Kwa hiyo, kama unaweza kuzikusanya dola 636 za miezi miwili, ningekushauri uzilipe moja kwa moja kwa mkopeshaji, si kwa wakusanya madeni, ukiambatisha barua inayosema kwamba unalipa huku ukipinga na kwamba hujaachilia madai yako kuhusu ubovu wa gari. Najua inauma kulipia kitu kisichotembea. Ni malipo ya kulibakiza gari mikononi mwako hadi usuluhishi uishe, na ukishinda, sehemu ya mkopeshaji hulipwa mkopeshaji, yako hulipwa wewe, na kaka yako anatoka kwenye udhamini. Kama fedha hizo hazipatikani, muone wakili wiki hii hii, usingoje mwisho wa mwezi. Mimi si wakili wako, na mkataba wako sijauona.

Mwambie kaka yako naye aangalie kama amepata barua yake mwenyewe kutoka kwa wakusanya madeni, kwa maana pingamizi lako halihesabiki kuwa lake na siku zake 30 zinakwenda peke yake. Na jioni ya leo, kabla ya kuingia zamu, mpitie mchungaji umwombe aandike kwa mkono wake tarehe na saa aliyopigiwa, namba iliyotokea kwenye simu yake, na maneno aliyoambiwa, kama yalivyosemwa, angali akiyakumbuka.

Mshauri wako